Pazia la Igolwa

Ramani ilitundikwa kwenye ukuta wa ghala la mbegu, kati ya kalenda ya kanisa na ungo mbovu ambao hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kuutupa. Nilikuwa nimeketi sakafuni nachagua mbegu za viazi, zenye macho mengi huku, zenye macho machache kule, mara nikasikia ramani inakohoa. Ndivyo walivyoitengeneza. Haipigi kengele, maana kengele huita watu wote. Inakohoa kidogo, kama mtu mzima aliyesimama mlangoni, ili asikie anayehusika tu.

Anayehusika nilikuwa mimi.

Nikajifuta udongo kwenye khanga, nikainuka kwa kushika magoti, nikatazama. Igolwa yetu ilikuwa pale kama siku zote, mgongo mmoja mrefu wa mlima, rangi ya kijani, na alama za bomba, shule na kanisa. Lakini katikati ya kijani palikuwa na wekundu, nao wekundu ulikuwa unameta. Unawaka, unafifia, unawaka tena.

Wekundu mtupu nilishauona. Huku kwetu milimani kila mtu anaujua tangu vinusi vilipotiwa vyooni. Kinusi ni kidude kisichozidi punje ya haragwe. Hukaa kwenye ukuta wa shimo la choo kikanusa kinachopita, kikaiambia ramani. Kijani maana yake virusi vya UKIMWI havipo, au vipo na mwenyewe ameshachoma sindano yake ya mwaka, vimelala. Wekundu maana yake kuna mwili ambamo virusi viko macho na dawa haimo. Kinusi hakijui jina wala sura ya mtu, kinajua mkojo tu. Na mkojo wa mwenye mimba kinaujua pia, ingawa mimba isiyo na virusi haimeti kwenye ramani. Ukiona wekundu unaometa, basi ni mwili mmoja wenye yote mawili.

"Mungu wangu," nikasema, na kiazi kikaniponyoka.

Sikuwa nimekiokota bado, Daktari Kokusima akaingia. Pikipiki yake haina sauti. Humsikii mpaka apige hodi. Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta, na juu yake blanketi. Ni Mhaya wa Bukoba, na miaka yote aliyokaa kwetu baridi haijamzoea.

"Kamwene, Bibi Mela."

"Kamwene, Dokta. Umekuja na baridi yako?"

"Baridi ni yenu. Mimi nimekuja na mifupa tu, na yenyewe inalalamika." Akajikalisha juu ya gunia la mbegu. "Umeiona?"

"Imekohoa sasa hivi."

"Kliniki inawajua wajawazito watatu hapa Igolwa. Wote walipimwa mimba zikiwa changa, wote walikuwa salama."

"Basi ramani imekosea."

"Haijakosea, Bibi. Mtu anaweza kupimwa leo akawa salama, akaambukizwa kesho. Na anayeambukizwa akiwa mjamzito, virusi vyake huja na nguvu mpya, mtoto anakuwa karibu sana na hatari." Akavuta blanketi. "Tena kuna jambo jingine. Kliniki inawajua watatu. Choo kinaweza kumjua wa nne."

Nikamwelewa. Msichana anayejifunga khanga mbili, anayeteka maji wakati wengine wameshaondoka. Wapo kila mwaka.

"Mimba yenyewe imekomaa," akaendelea. "Akianza dawa sasa, mtoto ana nafasi nzuri sana ya kuzaliwa bila virusi. Tukisubiri ajifungue ndipo tumtafute..." Alikigeuza kiganja chake juu chini.

"Kwa hiyo unataka pazia."

"Nataka ufungue pazia."

Ramani ile kila mtu anaruhusiwa kuitazama, hata mtoto wa shule, lakini inaishia kwenye kitongoji. Mapaa, nyumba hii na nyumba ile, yamefunikwa na ukungu mweupe tunaouita pazia. Pazia hufunguliwa kwa kiganja na sauti ya mtu mmoja aliyechaguliwa na wakazi. Huko wilayani hawana uwezo nalo, wala Dokta mwenyewe hana. Igolwa walinichagua mimi. Mzee Ndelwa, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alisimama mkutanoni akasema, "Huyu mama ukimpa siri ya sukari, hataiambia hata chai." Watu wakacheka, wakanyoosha mikono.

Pazia liliwekwa kwa sababu ya Yustina. Ramani ya kwanza haikuwa nalo, ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye paa. Wapimaji wakaja, wakapita nyumba zote bila kugeuza shingo, wakaingia kwa Yustina, wakakaa. Hakuna mwanakijiji aliyeiona ramani yao, wala haikuhitajika. Watu waliuona moshi.

Kwetu kila nyumba ina jiko la jua, linapika ugali, linapika maharage, halina masizi. Lakini mgeni hapikiwi kwa jua. Mgeni anakokewa kuni, chai yake inachemka kwenye mafiga, na moto hauzimwi mpaka aage. Kwa hiyo ukisimama ng'ambo ya bonde ukatazama, unajua nani ana mgeni, na kwa urefu wa moshi unajua mgeni amekuja kusalimia au amekuja na neno zito. Siku ile moshi wa Yustina ulisimama tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Jumapili yake kikombe alichonywea kanisani kilioshwa peke yake. Dawa alipata, afya alipata, akanenepa. Watu ndio aliowakosa. Akahama na wanawe, na uani kwake sasa pameota magugu yanayofika dirishani.

"Nitakwenda mimi peke yangu," akasema Kokusima. "Sitanywa chai."

"Ukikataa chai ndiyo watajua zaidi. Mgeni anayekataa chai ameleta msiba."

"Basi niende kwa wale watatu wote."

"Na moshi wa mmoja ukawa mrefu kuliko wa wenzake? Na huyo wa nne je?"

Kisha akasema polepole, bila hasira, "Bibi, mimi siongei habari ya chai. Naongea habari ya mtoto."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma. Kuna watu ukibishana nao unapata nguvu, maana unaona wazi wamepotoka. Kokusima hakuwa amepotoka.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," nikamwambia.

*

Nyumbani nilimkuta Lusungu, mke wa mjukuu wangu Erasto, ameketi kwenye kigoda anamenya viazi, na beseni amelipachika juu ya tumbo kama meza. Erasto yuko mbali, kwenye mashine za mbao, anakuja na kuondoka. Lusungu ni mmoja wa wale watatu. Paa lake na paa langu ni moja.

"Mke mwenza," nikamwita, maana mjukuu ni mume wangu na huyu ndiye aliyeninyang'anya, "leo umepika nini cha kuniua?"

"Viazi. Ningetaka kukuua ningekupikia mapema, nirithi khanga." Lakini hakucheka. Alimenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi. "Bibi, leo bombani wamenipisha mbele."

"Si vizuri? Una tumbo."

"Nina tumbo tangu mwaka uliopita na hawajawahi kunipisha. Wameniambia, 'Pita, dada, pita,' wote kwa heshima. Kisha wakarudi nyuma kidogo." Akaweka kisu. "Wameiona ramani. Inameta, sivyo?"

"Inameta."

"Wewe umefungua?"

"Bado."

Nitasema kilichokuwa moyoni mwangu, maana ndicho kilichonikosesha raha ya kula. Sikuwa na haja ya kufungua Igolwa nzima. Ningeweza kurudi ghalani, nikaweka kiganja, nikatazama paa moja tu, langu mwenyewe, kisha nikafunga. Nani angejua? Na likiwa kijani ningelala usingizi wa mtoto. Huo ndio ubaya wa kushika pazia. Wengine wanajaribiwa kumchungulia jirani, mimi nilijaribiwa kwangu.

Lusungu alikuwa ananitazama usoni kama anasoma.

"Kama ni mimi," akasema, "nataka niambiwe na daktari, mlango umefungwa. Sitaki niambiwe na macho yako, Bibi. Utaniletea uji asubuhi nitaona."

"Na kama siyo wewe?"

Akafikiri. Lusungu hana unafiki, ndiyo maana nampenda. "Kama siyo mimi, sitaki kumjua. Najijua. Nitasema namhurumia, halafu kikombe chake nitakiosha mara mbili."

Akainuka, akakusanya maganda mabichi, akayamwaga yote kwenye moto mdogo wa makaa tuliokuwa tumewasha kwa ajili ya miguu yangu. Moshi ukapanda mzito, mweupe, ukatoka kwenye kingo za bati ukaenda juu. Tukakohoa wote wawili.

"We mtoto! Ng'ambo watasema nimepata mgeni."

"Waache wajiulize ni nani," akasema akifuta macho. "Wangekuwa na kazi kweli kama kila nyumba ingekuwa na mgeni."

Alikuwa anatania. Akaendelea na viazi vyake. Mimi nilibaki nimeshika kikombe, chai inapoa.

*

Asubuhi tulikutana ghalani watu watatu, Kokusima, Mzee Ndelwa na mimi. Nikawaambia neno langu: wapimaji waingie kila nyumba, siku moja, na kila nyumba ikoke kuni, moto usizimwe mpaka jioni. Mzee kwa kijana, mwenye mimba na asiye nayo.

"Hata mimi?" akauliza Ndelwa. "Meno yenyewe nimebakiwa na ya mbele. Mnipime nini?"

"Tunaanza na unafiki, Mwenyekiti," nikamwambia. "Damu baadaye."

Kokusima hakucheka. "Bibi, unajua kwa nini ramani ilitengenezwa? Zamani tulikuwa tunapima kila mtu kila mahali. Wapimaji wanachoka, watu wanachoka, na yule mmoja mwenye shida anapitwa kwa sababu siku ya kwake mpimaji ana homa. Ramani inatuambia pa kwenda, tuache kuzunguka. Nina wapimaji sita kwa milima mitatu. Nikiwaleta wote hapa, kule Malanduku kuna wekundu pia. Haumeti, lakini ni wekundu."

"Wekundu huo unaweza kusubiri?"

"Unaweza kusubiri kuliko huu. Lakini anayesubirishwa ni mtu, siyo rangi." Akaitazama ramani kwa muda, midomo imekazwa. Niliona anapima, na mizani yake ilikuwa na watu pande zote mbili. "Sawa. Nitawaleta. Ila na wewe unipe ahadi. Jua likizama na nyumba hata moja ikabaki haikupimwa, au mtu amejificha, unaweka kiganja. Hakuna tena kesho asubuhi."

Ndelwa akanigeukia. Hata ungo mbovu ukutani nadhani ulinigeukia.

"Jua likizama na mmoja amebaki," nikasema, "nitaweka kiganja."

*

Kosa lilikuwa letu, na ni kosa la watu wa Igolwa kabisa. Niliwaambia wakoke moto. Sikuwaambia wakoke kiasi gani.

Kwetu moshi mwembamba ni aibu, ni kusema mgeni wako hana thamani. Sasa siku ambayo nyumba zote zina mgeni mmoja, nani atakubali moshi wake uwe mfupi kuliko wa jirani? Nilipotoka nje alfajiri watu walikuwa wanaburuta matawi mabichi ya misonobari. Mwingine ameweka mabua ya mahindi yenye umande. Mke wa mwalimu, mwenye tumbo kama la Lusungu, alikuwa amesimama mlangoni anapepea kwa sinia. Jua lilipochomoza hatukuliona.

Wapimaji walianzia kwangu. Nilikuwa nimeomba hivyo, tena uani, mbele ya watu. Nikatoa kidole, kijana akanichoma, tone likaingia kwenye kibati chake. Jirani mmoja akapaza sauti, "Bibi Mela, umri huo una siri gani?" Nikamjibu, "Njoo wewe uliye kijana tuone kama utakuwa na mdomo huo na sindano." Wakacheka, naye akaja.

Majibu yangu nilipewa ndani. Ndivyo tulivyokubaliana: kuchomwa popote, majibu ndani, na chai juu yake, hata kama jibu ni neno moja. Kisha ikawa zamu ya Lusungu. Akaingia chumbani na Kokusima, mlango ukafungwa. Mimi nikakaa na moto. Nilichochea kuni zisizohitaji kuchochewa. Sikuutazama mlango. Niliyatazama mafiga, lile la kushoto lina ufa tangu nilipoolewa, nikaufuata ule ufa kwa macho kutoka juu mpaka chini, na kutoka chini mpaka juu.

Hapo ndipo tukasikia mngurumo.

Ng'ambo ya mlima wetu kuna msitu wa kupandwa wa misonobari, nao msitu unalindwa na madege ya maji. Hayana rubani. Kila moja ni kubwa kama fahali, lina tumbo la maji, na likiona moshi mkubwa linakuja lenyewe bila kuuliza mtu. Tulikuwa tumezoea kuyaona kwa mbali wakati wa kiangazi. Siku ile yalitokea juu ya mgongo wa Igolwa yamepangana kama bata.

Mzee Ndelwa alikimbilia njiani, akavua kofia, akaipunga. "Siyo moto! Siyo moto! Ni wageni!"

Dege halijui mwenyekiti. Lilifungua tumbo lake, na maji yakamwangukia Ndelwa, kofia yake, mke wa mwalimu na sinia lake, na wapimaji wawili waliokuwa njiani. Mbuzi wakapiga kelele. Watu wakakimbilia kila mtu mlango uliokuwa karibu.

Kokusima akatoka mbio kuangalia watu wake, dege la pili likamkuta uani. Alisimama pale, sweta zote mbili zimelowa, blanketi limemshika miguuni, meno yanagongana. Nikadhani atalia. Akatoa simu, akaongea na walinzi wa msitu, akasikiliza, akakata.

"Wanasemaje?"

"Wanasema madege yanajiamulia. Yataendelea kuja mpaka moshi upungue." Akaanza kucheka, huku anatetemeka. "Bibi, hebu tazama."

Nikatazama. Maji baridi yalikuwa yameanguka juu ya mabati ya moto na majivu ya nje, na mvuke umeinuka ukachanganyika na moshi. Kutoka mlangoni kwangu sikuweza kuona choo changu. Nyumba ya jirani ilikuwa imepotea. Mle ndani ya weupe nilisikia sauti tu: mtu anauliza hii ni kwa nani, mwingine anamjibu ingia tu, utauliza ukiwa mkavu.

"Ni pazia," nikasema.

"Ni pazia," akasema Kokusima. "Waambieni wasizime moto. Waongeze."

Ikawa siku ya ajabu. Mpimaji hakuweza kutoka nyumba yoyote akiwa amelowa, kwa hiyo kila nyumba alikaa, nguo zikaning'inizwa juu ya mafiga, chai ikarudiwa. Waliolowa waliingia nyumba zisizo zao, wakapimwa humo humo, majibu wakapewa kwenye chumba cha mwenzao. Wapo waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, wakajikuta wamevaa mashuka ya wenzao. Nyumba iliyopata neno zito na nyumba iliyopata neno jepesi zilikuwa na moshi wa urefu mmoja. Na madege yakaenda, yakajaza, yakarudi, mpaka tukayazoea, watoto wakawa wanayangoja na sabuni mkononi.

*

Jioni maji yaliisha bwawani, nadhani, au madege yalikata tamaa. Ukungu ukaanza kunyanyuka. Kokusima alikuja kwangu amevaa gauni langu la kanisani, linamfika juu ya vifundo.

"Nyumba zote tumemaliza," akasema. Lakini hakukaa. "Bibi, yule anayemeta bado sina uhakika naye."

"Huna uhakika, au hujampata?"

"Siwezi kukujibu hilo, na unajua siwezi. Nakuambia hivi tu: kuna mtu amebaki."

Jua lilikuwa limegusa mlima. Niliahidi, na ahadi ni ahadi. Nikavaa viatu, nikachukua fimbo, tukaelekea ghalani sisi watatu, Ndelwa nyuma na kofia yake iliyolegea kama jani. Nilikuwa nasugua kiganja kwenye khanga, kile kiganja, kama mtu anayetaka kukisafisha kabla hakijatenda. Sikujuta. Nilijiambia, mtoto kwanza, aibu tutaibeba pamoja.

Tulipofika kwenye kona ya njia, Ndelwa akasimama.

"Nani yuko kwa Yustina?"

Chini yetu, kwenye ile nyumba iliyoachwa, yenye magugu mpaka dirishani, moshi ulikuwa unatoka. Haukuwa mwingi. Mstari mwembamba tu, uliokokwa na mtu mwenye kuni chache zilizolowa. Nyumba isiyo na mwenyewe ilikuwa inasema ina mgeni. Au inamwita.

Nikaona Ndelwa anakaza macho, anainama kidogo apate kuona kupitia kwenye magugu. Ni kibinadamu. Hata mimi shingo yangu ilishaanza kwenda.

"Mwenyekiti," nikasema, "geuka."

"Nataka tu kuhakikisha..."

"Geuka, baba. Tazama msitu. Una misonobari mizuri."

Akageuka. Nami nikageuka, nikaipa mgongo nyumba ya Yustina, nikamshika Ndelwa mkono asichungulie, naye akanishika wangu, nadhani kwa sababu hiyo hiyo. Tukasikia nyayo za Kokusima zinashuka, magugu yanasukumwa, mlango mbovu unalia. Kisha sauti yake, laini, ikisema maneno ambayo watu wa Bukoba wamejifunza kwetu: "Kamwene. Naweza kuingia?"

Tulisikia mlango ukifungwa.

Tulisimama hivyo mpaka wekundu wa jua ukatoka kwenye misonobari. Ndelwa akaninong'oneza, "Miguu inaniuma." Nikamwambia, "Ya kwangu pia. Tazama mbele."

Kokusima alipopanda alikuwa anapumua kwa nguvu. "Bibi, kiganja chako weka mfukoni," akasema. Tulipoanza kutembea akaongeza, "Na usidhani umejua. Aliyewasha moto ule si lazima awe yule. Watu wanaogopa kwa sababu nyingi."

"Sijajua kitu," nikamjibu. "Nimeona msitu."

*

Ramani haina haraka. Niliendelea kuchagua mbegu, tukapanda, viazi vikachomoza, na asubuhi moja nikainua kichwa nikaona. Kijani, kuanzia bomba mpaka kanisani. Na katikati, kijani kilikuwa kinameta. Kinawaka, kinafifia, kinawaka.

Nilikaa juu ya gunia nikalia kidogo, si sana, nilikuwa na kazi.

Kokusima alikuja siku hiyo hiyo. Akaitazama ramani kwa muda mrefu, akapiga makofi mara moja, kisha akasema, "Sasa hatari imepita, Bibi. Virusi vimelala. Ukitaka kufungua ujue tu, moyo wako utulie, sheria haikukatazi. Ni kiganja chako."

Nikakitazama. Kina mikunjo mingi, na udongo usiotoka.

"Malanduku vipi?" nikauliza.

Uso wake ukabadilika. "Wekundu umekua. Tulichelewa kule." Hakunilaumu, wala hakujitetea. "Ramani ilituambia kuna wekundu milima miwili. Sisi tukachagua."

"Basi tusikae. Wapimaji wako walete kwangu wanywe chai, kisha twende wote. Mimi naongea na mshika pazia wa kule, ni binamu yangu kwa upande wa mama, ni mbishi lakini anasikia. Na waambie watu wake wakusanye kuni." Nikamnyooshea kidole. "Kavu, Dokta. Uwaambie kavu."

Malanduku tulikwenda, na kazi ikafanyika bila dege hata moja. Lakini ninayotaka kumalizia ni ya Lusungu.

Uchungu ulimshika asubuhi yenye jua, ananikamua mkono mpaka pete ikanizama. Kati ya uchungu mmoja na mwingine akaniita, "Bibi. Siku ile, Dokta aliponiambia majibu..."

"Sukuma kwanza," nikasema.

"Hutaki kujua?"

"Nataka kumjua huyu anayekuja. Wewe nakujua. Ni mke mwenzangu, mwizi wa mume." Akacheka na kulia kwa pamoja, akasukuma.

Alikuwa wa kike, ana nywele nyingi na hasira. Mkunga alimfuta, akampa matone aliyotakiwa kumpa mtoto, na kwa agizo la Kokusima watoto wote wa Igolwa waliozaliwa msimu ule walipewa matone yenye rangi moja kutoka chupa zinazofanana. Chupa ipi ilikuwa dawa na ipi vitamini, mkunga alijua. Mimi nilimpokea mtoto, nikamfunga kwenye khanga, nikamlaza kifuani kwa mama yake.

Kisha nikaenda kukoka moto, maana amekuja mgeni, na mgeni hapikiwi kwa jua. Nikatoka uani kuangalia kama moshi wangu umesimama vizuri.

Jirani yangu alikuwa amesikia kilio, akakoka wake. Aliyefuata akaona, naye akakoka. Kwa Ndelwa, kwa mwalimu, mpaka chini kwa Yustina, ambako sasa kuna mtu aliyekata magugu. Hakuna aliyewaagiza. Igolwa yote ikasimamisha moshi, na ungekuwa ng'ambo ya bonde ukatazama huku, usingeweza kujua mtoto amezaliwa nyumba ipi.